Kufa kufaana: tauni, vibarua na meli za Wareno

Historia tuliyokaririshwa shuleni ilikuwa tamu: tauni ikaja, watu wakafa, kisha Ulaya ikazinduka, ikachora picha nzuri na kupanda meli kwenda kutafuta viungo. Utadhani maradhi yenyewe ndiyo yaliyokuwa dawa. (Ila picha nzuri zilianza mapema: Giotto, fundi wa picha wa Florence, Italia, alifariki mwaka 1337, tauni haijafika.) Kwa maoni yangu, mtu aliyerukwa katika masimulizi hayo ni kibarua.

Tauni iliingia Messina, kisiwani Sicily, Oktoba 1347, kwa meli za Wagenoa. Kwa miaka michache tu ilifagia si chini ya theluthi moja ya watu wa Ulaya. Mashamba yakabaki, mikono ya kuyalima ikapungua. Aliyesalimika sasa aliweza kumwambia bwana shamba: ongeza, la sivyo nahamia kwa jirani.

Mabwana waling'aka. Sheria ya vibarua ya Uingereza, ya mwaka 1351, inachekesha na kuudhi kwa pamoja. Mvunaji alipwe peni 2 kwa siku wiki ya kwanza ya Agosti, peni 3 kwa siku wiki ya pili. Kila mji utengeneze mkatale wa kuwafunga miguu wakaidi. Bunge la ufalme mzima linahangaika na peni za mvunaji! Hata hivyo ujira uliendelea kupanda, na mwaka 1381 wakulima wenye hasira wakaingia London, wakamkata kichwa Askofu Mkuu wa Canterbury.

Ureno nako hali ilikuwa hiyo hiyo. Mwaka 1375 Mfalme Fernando wa Kwanza aliamuru mwenye ardhi ailime au apewe mwingine, na wazururaji walazimishwe kushika jembe. Lakini amri haizai watu.

Hapo ndipo ninapoachana na maelezo yale kwamba Wareno walipanda meli kwa sababu Waturuki waliteka Konstantinopoli na "kufunga njia" ya viungo. Hiyo ilikuwa 1453. Wareno walikuwa wameshaiteka Ceuta, Afrika Kaskazini, tangu 1415. Na tarehe 8 Agosti 1444, mjini Lagos, kusini mwa Ureno, mateka 235 kutoka pwani ya Afrika Magharibi waliteremshwa na kugawanywa uwanjani, mama huku, mtoto kule. Mwanamfalme Henrique, ambaye vitabu humpamba kwa jina la Baharia, alikuwa juu ya farasi akingoja fungu lake la moja ya tano: watu 46. Mwandishi wa mfalme, Zurara, aliyaandika hayo, na hata yeye, mtu wa ikulu, alikiri kwamba kilio chao kilimliza.

Sikatai kwamba walitaka pia dhahabu, ngano na sifa za kupigana na Waislamu. Ila viungo vya India vilikuja baadaye sana. Sisi wa pwani huanza kuhesabu 1498, Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa kisha Malindi, ilhali biashara ya kutafuta mikono isiyodai ujira ilikuwa na zaidi ya nusu karne. Mashamba ya miwa ya Madeira, kisiwa cha Wareno katika Atlantiki, yalikuwa yameshaonja faida yake. Kufikia 1551, katika wakazi laki moja hivi wa Lisbon, karibu elfu kumi walikuwa watumwa.