Moto wa matairi: mtungi wa hewa au barakoa ya chujio?
Moto wa matairi haumalizwi kwa zamu moja. Huko Hagersville, Ontario, mwaka 1990, mamilioni ya matairi yaliwaka siku 17. Huko Tracy, California, rundo la matairi kama milioni 7 lilishika moto Agosti 1998, likaachwa liungue, likazimwa Desemba 2000. Urefu huo ndio unaozua ubishi juu ya kifaa cha kupumulia cha wazima moto na wenzao kazini: mtungi wa hewa safi mgongoni, au barakoa inayochuja hewa ya pale pale.

Wanaodai kila mtu avae mtungi wa hewa wana hoja nzito. Moshi ule una kaboni monoksaidi (gesi ya sumu isiyo na harufu), salfa dioksaidi, mvuke wa benzini na masizi yenye kemikali za saratani, na chujio la kawaida halizuii kaboni monoksaidi hata kidogo. Ila mtungi wa lita 6.8 uliojazwa hadi shinikizo la baa 300 hutoa hewa kama lita 1,900. Mtu anayefanya kazi ngumu huvuta lita 80 kwa dakika. Akitenga robo ya hewa hiyo kwa ajili ya kutokea, amebakiwa na dakika 18 hivi. Ongeza kilo 10 na zaidi mgongoni, kando ya rundo la moto, siku baada ya siku. Joto nalo huangusha watu.

Barakoa ya uso mzima, yenye chujio la mivuke, gesi za asidi na vumbi laini, inamfaa dereva wa ekskaveta (mashine ya kuchimba) aliye upande upepo unakotokea, au anayechimba mfereji wa kunasa mafuta yanayochuruzika. Watetezi wake hukosea wanapoiruhusu kwa sababu tu miali imeshuka. Rundo linalofukuta limekosa hewa ndani, kwa hiyo kaboni monoksaidi huzidi. Ndiyo saa watu huvua mitungi, na ndiyo saa mbaya.

Kwa maoni yetu, kipimo ndicho kiamue. Chujio liruhusiwe pale tu kaboni monoksaidi iko chini ya sehemu 35 kwa milioni na oksijeni haijashuka chini ya asilimia 19.5, na vipimo virudiwe kila upepo unapogeuka. Kifaa cha kawaida cha kupima gesi nne (oksijeni, kaboni monoksaidi, hidrojeni salfaidi na gesi zinazowaka) hakioni benzini katika kiwango cha sehemu 1 kwa milioni, ambacho ndicho kikomo cha kisheria Marekani kwa zamu ya saa 8. Lazima kiwepo kifaa kingine cha kupima mivuke. Chujio libadilishwe kila zamu.

Wakati wa kutoka, koti na buti zioshwe kwa sabuni barakoa ikiwa bado usoni. Kemikali za masizi hupenya ngozi, hasa shingoni.