Kabla ya Kumvisha Kitambi, Tumwulize Karo

Mwezi uliopita wazee wa huku kwetu Kilifi walimvisha mtu kitambi, kile kitambaa cha heshima, wakamkalisha kwenye kigoda, wakampa usinga, kisha wakatangaza kwamba huyo ndiye tosha wetu, yaani chaguo letu, wa ubunge 2027. Nilikuwepo. Pilau nililila, sitaki kusema uongo.

Kilichonikaba ni hotuba ya shukrani. Karibu yote ilikuwa basari, yaani msaada wa karo: amesaidia watoto wangapi, wa kata gani, hundi zilitoka lini. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Hakuna aliyeuliza imekuwaje mtoto aliyepita mtihani, akaitwa chuo cha umma, awe wa kuombewa michango kama maiti anayesafirishwa.

Nina jirani anayeendesha tuktuk ya mkopo. Mwanawe alipojaza fomu za ufadhili, akaangukia bendi ya nne kati ya tano ambazo serikali hupangia familia kwa uwezo wao. Katika bendi hiyo familia hubeba asilimia 30 ya gharama, mkopo asilimia 30, na ufadhili wa serikali asilimia 40. Kozi ya kijana ni kama Sh200,000 kwa mwaka, kwa hiyo nyumbani zinatakiwa Sh60,000, mbali na chumba na chakula. Akakimbilia basari. Foleni, sahihi ya chifu, nakala za vitambulisho, nenda urudi wiki tatu. Akapata Sh5,000, na akapigwa picha ameshika hundi ya kadibodi kubwa kama mlango. "Ndugu yangu," akaniambia, "wamenihesabu tajiri, halafu wakanipa sadaka."

Hatukuanza hivi. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepelekwa chuo cha umma na serikali alilipa karo ya Sh16,000 kwa mwaka. Mei 2023 Rais Ruto akazindua mfumo mpya, na kila kozi ikadaiwa kwa gharama yake kamili. Udaktari ukapita Sh600,000 kwa mwaka. Wanafunzi wakaandamana 2024. Desemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasema mfumo unakiuka Katiba, kisha Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. 2025 serikali ikatangaza kupunguza karo. Afueni ni afueni, lakini bendi zipo palepale.

Nakubali mfumo wa zamani ulikuwa unavuja. Serikali ilitakiwa kulipa asilimia 80 ya gharama ya kila mwanafunzi, haikulipa, vyuo vikazama kwenye madeni ya mabilioni na wahadhiri wakawa kila mara wanagoma. Sidai turudi Sh16,000 kesho asubuhi. Ninachodai ni kwamba anayetaka kura yangu aseme pengo hilo atalijaza na nini, na aseme kabla hajavishwa kitambi.

Maana tosha si neno la mzaha katika nchi hii. Tarehe 14 Oktoba 2002, pale Uhuru Park, Raila Odinga alisema "Kibaki tosha", yaani Kibaki anatosha kuwa rais, na siasa ya Kenya ikageuka siku hiyohiyo. Lakini tosha ile ilibeba ahadi iliyoshikika: Kibaki akashinda, na Januari 2003 shule za msingi zikawa bure. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwezi ule, kama hakurudia darasa, alifanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, 2014 na akaingia chuo kikuu kwa karo ya zamani. Mdogo wake aliyeingia 2023 ndiye aliyekumbana na bili mpya. Na kama kozi yake ni ya miaka minne, anamaliza 2027, mwaka uleule wa uchaguzi, akiwa na deni la HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, mkononi.

Wanaogombea uwakilishi wadi na ugavana wakituahidi kushusha karo ya chuo kikuu, tuwacheke kwa adabu. Katiba imeweka vyuo vikuu chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti zina chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Mbunge ndiye hana pa kujificha. Pesa za ufadhili na za HELB hupita mbele yake kila mwaka kwenye bajeti, na sheria ya vyuo vikuu hutungwa na kubadilishwa kwa kura yake. Aliye bungeni sasa anaweza kutueleza alipiga kura vipi. Anayemfukuzia kiti aeleze angepiga vipi. Basari isubiri nje.

Wiki ijayo kuna mwingine anayeletwa kwa wazee. Nimemwendea mwenyekiti kuomba dakika mbili za kumwuliza hayo. Akatikisa kichwa.

"Mwanangu, mambo ya chuo kikuu ni ya Nairobi."

"Sawa, mzee wangu," nikamjibu. "Na huyu tunayemvisha kitambi, tunampeleka wapi?"

Amenipa dakika moja.