Ondoeni Hiyo Sarafu Juu ya Sindano

Jumamosi iliyopita, katika ukumbi mmoja hapa Arusha unaojinadi kwa muziki halisi wa santuri, niliona sarafu ya shilingi mia mbili imebandikwa kwa gundi juu ya kichwa cha mkono wa santuri. Mpiga muziki alinieleza, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto, kwamba bila sarafu sindano inaruka. Baiskeli iliyopinda rimu nayo haiponi kwa kupakizwa gunia la mahindi.

Katriji, yaani kile kichwa kidogo kinachoshika sindano, nyingi za sumaku zinazouzwa leo huhitaji kukandamiza santuri kwa uzito wa takriban gramu 2 tu. Katika mji unaouza tanzanaiti, hakuna anayeweza kudai kwamba amekosa mizani: gramu 2 ni karati 10 tu. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba baadhi ya mashine za zamani zilihitaji uzito mkubwa zaidi, lakini ile niliyoiona haikuwa mojawapo.

Hata hivyo, uzito ukishakuwa sawa, bado pembe ya sindano. Mkono unaozunguka kwenye egemeo moja huiweka sindano sambamba kabisa na mfereji inamopita mahali pawili tu, na kwa hesabu alizochapisha mhandisi Löfgren mwaka 1938, mahali hapo ni milimita 66 na 121 kutoka katikati ya sahani ya santuri. Sasa zitazameni sahani zetu. Dansi la miaka ya 1970 limejaa sahani ndogo za inchi 7, ambazo kutoka katikati hadi ukingoni hazifiki hata milimita 90, kwa hiyo ile 121 haimo kabisa na tumebakiwa na 66 peke yake. Isitoshe, nyimbo nyingi ziligawanywa pande mbili, chemko likaangukia upande wa pili. Yaani magitaa yanapopamba moto, sindano inakaribia lebo, ambako kosa lilelile la pembe hukwaruza zaidi kuliko ukingoni. Wasikilizaji hudhani sahani imechakaa, kumbe katriji imefungwa upande.

Dawa yake ni skrubu mbili zinazoshika katriji na karatasi ya vipimo, yenye mistari ya kulinganishia pembe. Karatasi hiyo ikichapishwa steshenari, ipimwe kwanza kwa rula, maana mashine ya kuchapisha hupenda kuipunguza ili ienee ukurasani, na hapo milimita 66 huwa 63 bila yeyote kujua. Kisha katriji isogezwe mbele au nyuma mpaka ubavu wake ulingane na mistari, skrubu zikazwe, na uzito upimwe upya. Kidhibiti cha mvuto wa kuelekea katikati, yaani kile kinachozuia mkono usivutwe kuelekea lebo, kianzie namba ileile ya uzito.

Najua watakaosema kwamba wateja wamekwisha kunywa na hawasikii tofauti. Basi wapigieni muziki wa simu, na sahani hizo mtuuzie sisi.