Kabla ya pesa ya video, mpeni msanii mlezi

Kila ukitangazwa mpango wa kuwainua wasanii chipukizi hapa Dar, watu huuliza ni shilingi ngapi. Mimi nauliza nani atakaa na huyo kijana miezi sita baada ya pesa kuingia. Bila mlezi, yaani mtu anayeijua biashara ya muziki wa kumwongoza, milioni zote huishia kwenye video moja yenye gari la kukodi, na siku wimbo ukishika inagundulika hakuna anayeweza kuonyesha kwa maandishi kwamba ni wake.

Chukua wimbo wa kawaida uliorekodiwa Sinza au Manzese. Mmoja kaandika mashairi, mwingine kaja na kiitikio, prodyuza katengeneza biti. Neno mgawanyo halitajwi mpaka wimbo utoboe, na hapo kila mtu anakumbuka kivyake. Mlezi anayeijua kazi hawaruhusu kutoka studio bila karatasi moja: majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho, namba za simu, na asilimia ya kila mmoja katika utunzi, jumla 100, si 95 wala 110. Chini yake waandike rekodi ni ya nani, kwa sababu utunzi na rekodi ni haki mbili tofauti, na hapo ndipo wengi huumia: mtunzi anadhani ana kila kitu, kumbe aliyelipia studio naye anadai rekodi. Wasaini, wapige picha, kila mtu abaki na nakala. Ni kazi ya dakika kumi, na inarahisisha sana mambo siku ya kwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kusajili.

Biti nayo iulizwe ilikotoka. Ile ya bei chee ya mtandaoni mara nyingi imekodishwa tu: mwenyewe anaweza kuwapa wengine kumi ileile, na leseni ina kikomo cha mara ngapi wimbo utasikilizwa. Ukishika, YouTube inaweza kuitambua sauti kuwa ya mtu mwingine na mapato yakazuiwa. Kuna pia ISRC, namba ya herufi na tarakimu 12 inayotambulisha rekodi. Msanii akihama msambazaji, yaani kampuni inayopeleka nyimbo zake mitandaoni, bila kuibeba namba ileile, anaweza kujikuta anaanza kuhesabiwa upya kutoka sifuri.

Halafu mkataba. Lebo, yaani kampuni ya muziki, inampa kijana milioni 10 za kuanzia, zinazorudishwa kutoka kwenye mapato ya nyimbo zake, mgawanyo asilimia 70 kwa lebo na 30 kwake. Anadhani mapato yakifika milioni 10 deni limekwisha. Hapana. Mikataba mingi ya aina hii hukata deni kwenye ile 30 yake peke yake. Zikiingia milioni 10, yeye kalipa 3 na bado anadaiwa 7. Lazima ziingie zaidi ya milioni 33 ndipo aguse shilingi, na kufikia hapo lebo imeshachukua milioni 23 na ushee. Simwiti mwenye lebo mwizi. Ameweka mtaji wake hatarini. Ila kijana ana haki ya kufanyiwa hesabu hii kwenye karatasi kabla ya kusaini, na apewe walau wiki nzima ya kuusoma mkataba nyumbani.

Kuhusu mikopo, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) haina riba, na ni pesa nzuri. Lakini marejesho hayasubiri, na mapato ya mitandaoni hufika miezi miwili mitatu baada ya wimbo kusikilizwa, tena kidogo kidogo. Kukopa kwa ajili ya kurekodi albamu ni kujitia kitanzi. Kikundi kikikopa kununua spika, miksa, maikrofoni na jenereta, hapo sawa: harusi, sendofu na kichen pati za jiji hili hazikauki, na mteja hulipa kabla muziki haujawashwa. Kwa hiyo kurekodi kupewe ruzuku, vyombo vikopewe.

Na ruzuku isitolewe kwa mkupuo. Ningegawa hivi: sehemu ya kwanza ya studio, inayofuata isitoke mpaka karatasi za mgawanyo zionekane na wimbo umesajiliwa, ya mwisho iende kwenye shoo na matangazo. Meneja wa msanii, ambaye mara nyingi ni rafiki wa mtaani anayezunguka kwa nauli yake, naye aingie darasani na apewe fungu lake. Tunamsahau mno huyu, wakati ndiye anayepokea simu za mapromota.

Mlezi alipwe na mfuko unaotoa ruzuku, asilipwe na msanii, na asiwe mtu mwenye lebo inayomtaka kijana huyohuyo. Akiwa na lebo hiyo, ushauri wote wa mkataba utaelekea upande mmoja.