Ziwa au mtaro: ramani ipi ichorwe kwanza Kisumu?

Vijana wachache wa Kisumu wanaojua kompyuta wameniuliza swali ambalo limenikaa kichwani wiki nzima. Wana miezi michache, simu zao na vipakatalishi viwili, na wanataka kutengeneza ramani moja ya mtandaoni itakayofaa mazingira na watu: mtu aifungue kwa simu, abofye mahali, asome habari zake, aongeze anachokijua. Wamebaki na mapendekezo mawili. La kwanza ni kufuatilia gugumaji, mmea unaoelea na kutanda juu ya maji, katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria. La pili ni kuchora mitaro, vyoo vya umma na vioski vya maji vya mitaa ya Manyatta na Nyalenda. Kuyafanya yote mawili kwa pamoja hawawezi.

Nianze na gugumaji, maana hoja zake ni nzito kuliko nilivyodhani. Likijaa, mvuvi wa ufuo wa Dunga hatoki, boti hukwama na nyavu hubebwa. Picha za kulifuatilia zipo bure. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 hupita juu yetu kila baada ya siku 5 hivi, na kila nukta ya picha zake ni mraba wa mita 10 juu ya maji. Picha za Landsat, setilaiti za Marekani, zinarudi nyuma hadi mwaka 1972. Majani mabichi huakisi kwa wingi aina ya mwanga ambayo jicho halioni na ambayo maji huimeza, kwa hiyo kompyuta inaweza kulitenga gugu na ziwa bila mtu kupanda boti. Tena ramani ya namna hii hujisasisha mradi programu yake inafanya kazi. Hilo si jambo dogo. Ramani za kujitolea huanza kuchakaa siku wachoraji wake wanapopata ajira mji mwingine.

Lakini itamfaa nani? Gugumaji husukumwa na upepo. Asubuhi liko upande mmoja wa ghuba, jioni limeziba ufuo mwingine. Picha ya siku 5 zilizopita haimwambii mvuvi zaidi ya anayoambiwa kwa simu na mwenzake wa ufuo wa jirani. Wakati wa masika mawingu hufunika ghuba. Rada za setilaiti nyingine, Sentinel-1, huyapenya, ila kuzisoma kunahitaji ujuzi zaidi. Faida kubwa ya ramani hii ningeiona kwa mtafiti na kwa mpangaji wa kaunti, kwa kuwaonyesha mwaka baada ya mwaka ni wapi gugu linastawi zaidi na kwa nini.

Na hiyo "kwa nini" ndiyo inayonirudisha mtaani. Gugumaji hunenepa kwa naitrojeni na fosforasi. Sehemu ya virutubisho hivyo inatoka mashambani, ikiletwa na Nyando na mito mingine. Sehemu inatoka mjini, katika maji taka. Mto Auji unapita Manyatta na Nyalenda ukiwa umebeba kilichotupwa mitaroni, kisha unaelekea kinamasi cha Dunga, ambako mafunjo huchuja yanayoweza kuchuja. Mvua kubwa ikinyesha, maji hayo hayo huingia nyumbani kwa watu. Aliyeziba mtaro kwa taka huko juu hamjui mama anayehamisha magodoro huko chini.

Njia ya kazi hii inajulikana. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, walizunguka vichochoro na vifaa vya GPS, wakaviweka vichochoro hivyo pamoja na shule, zahanati na vyoo kwenye OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa mwaka 2004. Mwaka mmoja kabla ya kazi hiyo ya Kibera, tovuti ya Ushahidi ilizaliwa humu humu Kenya wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ikipokea taarifa za wananchi na kuzipachika kwenye ramani, hata zilizotumwa kwa SMS. Hiyo SMS isisahauliwe. Mwenye kioski cha maji ambaye hana bando ndiye anayejua mfereji umekauka tangu lini.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kuliko uchakavu ni madhara. Ukipachika alama kwenye kila nyumba iliyo kando ya mto, huenda umemwandalia orodha mtu mwenye tingatinga. Ukionyesha kila bomba lililounganishwa kienyeji, maji ya ploti nzima yanaweza kukatwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa za mtu binafsi, lakini kichochoro kizima kikipakwa rangi nyekundu, hakuna aliyetajwa jina na bado wote wanaweza kuumia.

Hata hivyo mimi ningechagua mitaro. Ichorwe mitaro, vioski, vyoo na alama za mahali mafuriko yalipofika. Nyumba zisichorwe. Wakazi waulizwe kwanza barazani, na wakisema kitu fulani kisionyeshwe, kisionyeshwe. Kabla ya alama ya kwanza kuwekwa, apatikane afisa mmoja wa kaunti anayekubali kupokea taarifa za mitaro iliyoziba na kutuma watu wa kuizibua. Asipopatikana, ningewashauri vijana wasianze, kwa sababu mkazi akiripoti mara tatu bila kuona koleo, ya nne haitumi.

Kuhusu uchakavu, wahudumu wa afya ya jamii tayari wanapita nyumba kwa nyumba. Wakipewa njia rahisi ya kusema "kioski hiki kimefungwa" au "mtaro huu umejaa", ramani inaweza kuendelea kusema kweli vijana hawa wakishaondoka.

Na isianze na mji mzima. Ianze na Auji peke yake, kwa miguu, asubuhi ya baada ya mvua, kutoka Manyatta kuteremka hadi mafunjo ya Dunga. Huko mwisho wavuvi waulizwe maji yanaingia ziwani na rangi gani, na gugu limesimama umbali gani.