Mbuzi Kumi na Mmoja wa Mbirikani

Mei 2023 simba kumi waliuawa katika muda wa wiki moja tu kandokando ya Hifadhi ya Amboseli, kaunti ya Kajiado. Aliyeliliwa kuliko wote ni Loonkito, dume la miaka 19, aliyechomwa mkuki usiku alipoingia kijiji cha Olkelunyiet kutafuta mifugo. Siku chache baadaye sita wengine wakauawa Jumamosi moja huko Mbirikani. Mitandaoni wafugaji wakatukanwa kila tusi.

Uchungu ule ulikuwa na haki yake. Hesabu ya kitaifa ya mwaka 2021 ilipata simba 2,589 Kenya nzima. Kwa idadi hiyo, kuwapoteza kumi kwa wiki ni pigo.

Lakini habari zilezile zilitaja, kwa sentensi moja ya kupita, kwamba simba wa Mbirikani walikuwa wameua mbuzi kumi na mmoja na mbwa. Sentensi hiyo ndiyo iliyonikaa moyoni.

Mwaka uliotangulia ulikuwa wa ukame wa kutisha. Kati ya Februari na Oktoba 2022 serikali ilihesabu tembo 205 waliokufa nchini. Ukame unaomwangusha tembo haumwachi ng'ombe. Kwa hiyo mbuzi waliofika Mei 2023 wakiwa hai walikuwa mbegu, wale ambao mfugaji alitegemea kuanza nao upya. Tuseme saba kati ya wale kumi na mmoja walikuwa majike. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano. Mvua zikiwa nzuri, majike saba ni maziwa ya watoto mwaka huo na karo ya mwaka unaofuata. Ukimlipa mwenyewe bei ya soko, umemlipia nyama. Kundi ambalo lingetokana nao halimo kwenye risiti.

Na simba akishaingia zizini hachukui mmoja akaondoka. Mbuzi hawana pa kukimbilia, hurundikana kwenye ua wa miiba upande mmoja, naye huua wengi kuliko atakaowala. Kukipambazuka mwenye boma anawatambua mmoja mmoja: yule wa madoa, yule aliyezaa mapacha.

Sheria ya wanyamapori ya 2013 inaahidi fidia. Dai hupitia kamati ya kaunti, na wapo waliosubiri kwa miaka. Tena sheria hiyohiyo inamnyima fidia asiyelinda mifugo yake ipasavyo. Nani anaamua kwamba miiba ilitosha?

Kuna hoja moja nzito upande wa pili, na siikwepi. Mbirikani ina mfuko wa fidia tangu 2003, unaosimamiwa na shirika la uhifadhi la Big Life, na bado mikuki ilirushwa. Wapo wanaosema basi pesa hazimbadilishi mtu. Mimi naiona kwa namna nyingine. Kabla ya mfuko ule simba wa eneo hilo walikuwa karibu kuisha, kisha wakaongezeka. Wameongezeka katikati ya maboma ya watu hawahawa tuliowaita makatili. Miaka ishirini wamelala wakisikia simba wakinguruma, na wamorani wengine, vijana wa Kimaasai, wameajiriwa kufuatilia nyayo zao na kuwaonya wachungaji. Wiki ile ya Mei haifuti miaka yote hiyo.

Waziri wa utalii wa wakati huo, Peninah Malonza, alifika akawaomba wananchi wawapigie simu maofisa wa wanyamapori badala ya kurusha mkuki. Ombi ni jema, ila simba akiwa ndani ya zizi saa nane usiku, gari la askari liko wapi?

Kinachohitajika kinajulikana. Richard Turere alikuwa bado mtoto, kando ya Hifadhi ya Nairobi, alipowazuia simba kwa taa za kuwakawaka alizounganisha na betri kuukuu ya gari. Taa za namna hiyo na wavu wa waya vifike kila boma la Kajiado kabla ya ukame mwingine, kwa gharama ya sisi tunaojivunia simba hao. Na fidia itolewe mapema, mvua zikiwa bado zinanyesha, ili mfugaji anunue majike.