Msanii wa Dodoma Asiulizwe Tena Anahamia Lini Dar

Juzi nilikaa kwenye mazungumzo ya wanamuziki wanaojitegemea hapa mjini, watu wasio na lebo wala meneja, wanaolipa studio kwa fedha zao na kubeba vyombo vyao wenyewe kwenye bajaji. Mbele walikaa watatu: kijana anayepiga zeze na marimba, mchanaji wa Chang'ombe ya hapahapa Dodoma, na dada mmoja anayeimba kwenye harusi na hoteli. Walizungumza mambo ambayo nilitamani yasiishe. Wimbo unaanzia wapi. Mstari ukigoma unafanyaje. Unajuaje kama huyu aliyekusikiliza leo atakutafuta tena. Mazungumzo yamenoga, ndipo muongozaji akamgeukia yule dada: "Sasa dada yangu, unahamia lini Dar ili utoboe?"

Ukumbi ukapiga makofi. Dada akatabasamu, akajibu kwamba Mungu akipenda. Mimi nilitoka pale na hasira, na bado ninazo.

Dada yule anaimba karibu kila wikiendi. Ada ya mtoto wake inalipwa na kuimba. Ana mpiga kinanda na mpiga ngoma wanaomtegemea, na wote wawili anawalipa kabla hajagusa chake. Anatunga nyimbo zake mwenyewe, na kuna familia hapa mjini ambazo haziwezi kumuoza binti bila kumpigia simu yeye kwanza. Mtu huyo ndiye tunamuuliza atafanikiwa lini!

Mwalimu wa Dodoma haulizwi anahamia lini Dar. Seremala wa Majengo haulizwi. Serikali yenyewe imehama kule ikaja huku, wizara zikaanza kufungasha virago mwaka 2016, leo zipo Mtumba na watumishi wake wamejaa Kisasa na Nkuhungu. Yaani katibu mkuu aje huku kufanya kazi, halafu mwimbaji wa hapahapa aondoke ndipo tumhesabu kuwa mtu?

Sikatai kwamba Dar ndiko ziliko redio kubwa, studio zenye majina na watu wanaoweza kukushika mkono. Wimbo ukitaka usikike nchi nzima, ni vigumu ukwepe mlango ule. Basi apande SGR asubuhi, arekodi, aonane na watu wake, arudi. Kusafiri kikazi hakuna ubaya wowote. Ninachokipinga ni hii imani kwamba msanii akiwa mkoani bado hajaanza, kwamba yote anayoyafanya hapa ni mazoezi tu ya maisha yatakayokuja baadaye.

Nilipomwambia hivyo rafiki yangu mmoja, akanijibu palepale kwamba hata Hukwe Zawose, gwiji wa muziki wa Kigogo, aliondoka. Ni kweli, aliondoka. Alifundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na huko ndiko alikomalizia maisha yake mwaka 2003. Hilo nalikubali, na linaniuma. Lakini tazama aliondoka na nini. Zeze, marimba, na ule uimbaji wa Kigogo ambao sauti zinapandana mpaka hujui nani anaongoza, alivipata Ugogoni, kwa watu walioujua wimbo kabla yake na ambao wasingekaa kimya akiuharibu. Kampuni ya kurekodi ya Real World, ya mwanamuziki Peter Gabriel, kule Uingereza, ilipotoa albamu yake mwaka 1996, wageni walikuwa wanasikiliza kazi iliyochujwa na masikio ya wazee wetu. Mwaka 2024 wanawake wa ukoo wake, Zawose Queens, wakatoa albamu kwa kampuni hiyohiyo. Watu wa Ulaya wananunua tiketi kusikiliza kitu ambacho sisi tunaomba tupigiwe kwa sahani ya pilau.

Yule kijana wa zeze alieleza kitu ambacho hakijanitoka kichwani. Marimba ya Kigogo ina tundu kwenye ubao wake, na juu ya tundu hilo hubandikwa utando wa buibui, ule mweupe anaofunikia mayai. Ukipiga vyuma vyake kwa vidole, utando unatetemeka na kila sauti inatoka na mvumo wake. Utando ukichanika, marimba inabaki kavu, na mzee anayejua atakuambia kabla hujamaliza ubeti. Sasa kijana alikwenda studio kurekodi. Aliporudi kusikiliza kazi, ule mvumo haupo. Prodyuza alidhani ni kelele ya waya mbovu, akausafisha wote kwenye kompyuta, na akawa anajivunia kazi safi. Kijana alikataa kuuchukua wimbo mpaka mvumo urudishwe. Ilimgharimu fedha nyingine na maneno makali. "Wangesema nyumbani kwamba nimewapelekea marimba iliyokufa," alisema. Huko kunaitwa kujua hadhira yako. Hakuna darasa la masoko litakalomfundisha zaidi ya hapo.

Na sasa nifike kwenye fedha, maana ndipo penye kidonda.

Kila mtu anayesoma hapa amewahi kukaa kwenye kamati ya harusi au sendoff. Mnaijua bajeti inavyosomwa. Ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, keki, MC, picha na video, gari la maharusi, nguo za wasimamizi. Mwisho kabisa, muziki. Michango haijatimia, ahadi hazilipwi, mwenyekiti anauliza tupunguze wapi. Hakuna anayethubutu kugusa keki. Mtu wa mapambo ameshasema bila malipo ya awali haji, na wote tumeona ni haki yake. Basi macho yote yanageukia mstari wa mwisho. "Huyu ni dada yetu, tutaongea naye." Na sote tunajua tutaongea naye nini: nauli na chakula. Akidai malipo ya awali kama mtu wa mapambo, anaambiwa ana maringo, ameanza kujiona staa.

Wakati huo yeye ameanza kazi zamani. Alitueleza anavyofanya. Akipata shughuli, anampigia simu shangazi wa bi harusi, hapendi kuongea na bi harusi mwenyewe kwa sababu bi harusi ana mawazo mengi. Anauliza majina ya babu na bibi, nani alimlea binti, nani alifariki na angetamani kuwepo. Safari moja shangazi akamwambia kwamba bibi mzaa mama aliwasomesha watoto wake kwa kuuza karanga stendi, kwenye sinia, jua kali. Dada akaliingiza jambo hilo kwenye wimbo wa kuwaingiza wazazi, mstari mmoja tu, na akamtaja bibi kwa jina. Alijaribu maneno yale nyumbani akipika, akayabadilisha, akagundua jina la bibi ni refu kwa mdundo aliouchagua, akabadilisha mdundo badala ya kulikata jina. Siku ya shughuli, mstari ulipofika, mama wa bi harusi alisimama katikati ya ukumbi akashindwa kuendelea kutembea. Meza nzima ya ukoo ikaamka kwenda kumtunza mwimbaji.

Mwisho wa usiku, mweka hazina akahesabu zile fedha alizotunzwa, akazitoa kwenye malipo waliyokubaliana. Kwa maelezo kwamba "si umeshapata?"

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo tulivyofundishwa, na huku kwetu watu wanatunza kweli, hilo siwanyimi. Wanatunza kwa moyo, wanacheza mpaka jasho, wanabandika noti kwenye paji la uso. Lakini kutunza ni zawadi ya mtu aliyeguswa, haiwezi kukaa mahali pa ujira. Kamati inayokata zawadi ya wageni kwenye malipo ya msanii imechukua fedha isiyo yake. Na ni watu wazuri, wacha Mungu, ambao hawawezi kumdhulumu mpishi hata sufuria.

Hadhira ambayo wasanii wetu wanaambiwa wakaitafute Dar ipo kwenye kumbi zetu kila Jumamosi. Ina fedha, ina machozi, inakumbuka maneno. Kinachokosekana ni sisi kukubali kwamba kazi ile ni kazi.

Vikundi vya ngoma ndivyo vinavyotendewa vibaya zaidi. Mji huu una ugeni wa kitaifa kila kukicha, na kila ugeni unataka akina mama wa Kigogo wapige muheme. Wanaamshwa alfajiri kijijini, wanapakiwa kwenye gari, wanafika uwanjani kabla ya viti. Nimewaona na ngoma zao katikati ya mapaja, jua linapanda, maji yanagawiwa kwenye mahema ya wageni waalikwa na hayawafikii. Mgeni rasmi anachelewa. Anapofika wanaambiwa wana dakika tano, na ile ngoma inayohitaji muda ili sauti zikae sawa inakatwa pale inapoanza kuwaka, kwa sababu ratiba imebana. Mtu wa itifaki anachukua kipaza sauti, anatoa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", watu wanaitika, tunaendelea na hotuba. Hakuna anayetaja jina la kikundi. Hakuna anayeuliza nani ametunga ule wimbo. Na wimbo ule umetungwa na mtu! Kuna mama amekaa na kupanga maneno yale, mengine kwa ajili ya siku hiyohiyo. Kama mnawataka wawe sura ya mkoa, waandikieni mkataba, wapeni kivuli, na waacheni wamalize.

Redio zetu za hapa nazo zijiulize. Nyimbo za Lagos asubuhi mpaka jioni, msanii wa Bahi apewe saa tano usiku.

Kuhusu mitandao nitasema machache, maana vijana wameshalishwa maneno mengi. Spotify, tangu mwaka 2024, wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi chochote. YouTube, kwa video za kawaida, inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka ndipo ikupe sehemu ya fedha za matangazo. Mchanaji wa Chang'ombe alisema wimbo wake mmoja umegota kwenye 900 na kitu, akausema kwa aibu, akiangalia chini. Watu wakamhurumia. Mimi nilitaka kusimama. Hata tukisema kila mmoja ameurudia mara tatu, hao ni watu 300, na watu 300 ni ukumbi. Ni daladala ngapi zile? Watu 300 wakikaa mbele yako na kila mmoja amelipa shilingi 5,000, una milioni moja na nusu mkononi. Kampuni ya ng'ambo imeweka mstari wake mahali panapoifaa yenyewe. Hakuna sababu ya kijana wa Chang'ombe kuuchukua mstari huo akaufanya kipimo cha thamani yake. Aweke nyimbo zake mtandaoni, ndiyo, azisajili na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, pia. Ila awajue wale 300 ni akina nani na wanakaa wapi.

Jambo la mwisho ni hizi hoteli na baa zinazoajiri bendi. Nazishukuru, kwa sababu bila hizo wapigaji wengi wangekuwa wameuza magitaa. Lakini karibu zote zinataka kopi. Piga zilipendwa, piga ile inayovuma, zako utapiga nyumbani. Nazielewa, mteja akisikia asichokijua anaweza kuondoka. Hata hivyo mwanamuziki asiyeruhusiwa kujaribu wimbo wake mbele ya watu hajui kama ubeti wa pili unachosha. Hajui wanaitikia wapi. Atakaa nao chumbani miaka, na utazeeka humo. Yule dada alisema wimbo wake anaoupenda kuliko wote hajawahi kuuimba hadharani, kwa kuwa si wa harusi na hotelini hawautaki. Anahisi unahitaji kufupishwa, lakini hana mahali pa kujua.

Kwa hiyo ninaomba kitu kinachowezekana kabisa. Bunge la bajeti huanza Aprili na kuendelea hadi Juni, na miezi ile mji unajaa, hoteli zinajaa, watu wanatafuta pa kwenda jioni. Mwenye ukumbi mmoja tu atoe Alhamisi. Nyimbo za mtunzi mwenyewe, kopi marufuku siku hiyo. Kiingilio 5,000 mlangoni, fedha ya mlangoni yote iende kwa wasanii, vinywaji na nyama choma zibaki za mwenye nyumba. Matangazo tutayasambaza wenyewe kwenye magrupu ya WhatsApp ya mitaa na ya ofisini. Atakayekuwa tayari aniandikie hapa chini, na nitakuja kukaa mlangoni kukata tiketi.